Punje Nzima

Tunu aliweka kichupa cha dawa mbele ya mfamasia kama mtu anayerudisha nyama iliyooza.

"Mwezi mzima baba anakunywa, na tumbo bado linamchoma. Dawa gani hii?"

"Unampaje?"

Hapo akajibu kwa fahari. Baba yake hawezi kumeza kapsuli, kwa hiyo kila asubuhi yeye huifungua, humwaga punje zake kwenye jiwe la kusagia viungo, huzisaga mpaka ziwe unga, kisha huukoroga kwenye uji.

Mfamasia alifungua kapsuli moja juu ya karatasi nyeupe. Punje zilizomwagika zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha.

"Kila moja imevishwa ganda jembamba sana, dada. Ukali wa tumbo hauliwezi ganda hilo. Ukilivunja, dawa inakufa kabla haijafika utumboni."

Tunu aliinamia karatasi. "Kumbe nilikuwa naziua mwenyewe."

"Mpe zikiwa nzima, kwenye uji uliopoa. Asitafune."

Kesho yake baba alifungua kinywa, kisha akakifunga. "Mbona leo sijasikia jiwe?"

"Leo hakuna kusaga, baba. Meza tu, usitafune."

"Nitafune kwa meno yapi?"

Akapokea kijiko huku akicheka, na punje moja ikabaki kwenye mdomo wake wa chini. Tunu, aliyesaga mwezi mzima kwa nguvu zake zote, alinyoosha kidole ili airudishe. Kidole kikasita hewani, karibu kabisa na punje, kikiogopa kuivunja kwa uzito wake.