Mfu wa Mauwa

Victorine alicheka jikoni, na Mauwa akaangusha kikombe. Kile kilikuwa kicheko cha Inès, na Inès alikuwa kaburini mwaka wa sita sasa.

"Umevunja tena, chérie?"

"Kimeteleza tu."

Uongo mtupu. Mfu alikuwa bado yumo ndani, na sasa amemwingia Victorine. Mbona Victorine alilala kajifunika kichwa kizima? Mbona alipiga ishara ya msalaba kabla ya kuingia bafuni, jambo ambalo Mauwa aliliona kwa Inès peke yake? Jamani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili atapendaje kwa amani, na marehemu yuko kitandani?

Na Victorine alijua kukwepa! Walijuana siku Victorine alipogonga mlango wa Mauwa mtaani Anderlecht, akasema amekosea ghorofa, akakaribishwa chai. Tangu hapo, kila Mauwa akimwambia, "Hamia kwangu, tufunge ndoa," alikuwa na sababu. Mara lifti mbovu. Mara majirani wana kelele. Mara paka wake atasumbuka, na paka hana! Miaka mitano ya mapenzi, na mswaki wake bado ulisafiri mkobani, kwenda na kurudi kwake, mtaa wa Etterbeek.

"Unaogopa mufu yangu," Mauwa alimwambia asubuhi hiyo, machozi yakimlengalenga.

Victorine alitazama sakafu. "Bon, achana na ile maneno."

Angeachaje? Kwao Katanga, mjane hukaa na mfu wake mpaka ndugu wa marehemu aje, ampake unga mweupe, amwambie aliyekufa: mwache sasa, nenda. Lakini ndugu zake Inès walimkana tangu alipochagua kuishi na mwanamke mwenzake, naye Inès kwa hasira akachoma picha zote za ndugu hao. Nani angemhesabu Mauwa kuwa mjane?

Mficha uchi hazai. Alijifungia chumbani, akampigia Tharcisse, kaka mkubwa wa Inès, kule Lubumbashi.

"Papa Tharcisse, ni Mauwa. Ile... rafiki ya Inès."

"Rafiki gani?" Sauti ilikuwa ya mzee aliyechoka. "Weye ni mujane yetu. Tulikosea sana, shemeji."

Mauwa alilia kwa sauti, hakujali nani anasikia. "Basi munitumie mutu, papa. Mutu wa kwenu aje kunitosha mufu, amuambie aende. Kuko mwanamuke ninamupenda, na anaogopa kukaa na miye."

"Lakini shemeji, tulituma mutu, miaka tano imepita. Mudogo yetu wa mwisho, ule Inès alimuacha angali mutoto. Kwani Victorine hakukuambia amekuja kufanya nini?"