Mstari wa Pili wa Nkwimba

Zama hizo, mume aliyefanya kazi katika mgodi wa chini ya ziwa aliruhusiwa kurudi nyumbani pale tu kipimo cha mkewe cha siku za kushika mimba kilipoonyesha mistari miwili, tena mara tatu tu kwa mwaka. Nkwimba, ambaye hedhi yake huja inapotaka, alikuwa ameshamwita mumewe, Shigela, mara mbili mwaka huo bila kupata mimba.

Asubuhi hiyo mstari wa pili ulikolea tena.

“Wifi, kipimo kinaona homoni ikipanda tu,” alisema Minza, dada yake Shigela, mkunga, huku akimenya viazi. “Kwako hupanda hata yai lisipotoka. Ute wa ukeni unavutika?”

“Bado.”

“Basi subiri. Ukikosea, mwaka mzima utanikumbatia mimi.”

Nkwimba alicheka, kisha akampigia mumewe, akamweleza yote.

“Yai ni lao wenye mgodi,” Shigela alisema taratibu. “Mimi nina hamu ya kukuona wewe.”

Nkwimba akatuma ombi mgodini la kumwita. Jibu lilikuja papo hapo: limekubaliwa, siku mbili. Chini yake palikuwa na swali ambalo hakuwahi kuliona, akalisoma kwa sauti: “Je, mazungumzo yenu ya simu ya sasa hivi yalihusu mtoto?”

Minza aliacha kumenya, akaitazama simu kana kwamba ilikuwa ikiwasikiliza.