Jiko la Ngailo

Tangu makaburi yafungwe, huku Makete marehemu husagwa pamoja na maranda ya misonobari, akarudishwa nyumbani kwenye gunia akiwa punje za kuwashia jiko la kupasha nyumba joto. Fundi aliuliza jiko la Ngailo, marehemu mume wangu, alijenge wapi, maana likishajengwa halihamishwi.

“Chumbani kwao,” alisema mama mkwe. “Mwanangu hapendi kulala na baridi.”

“Liwe sebuleni, mama,” nilisema. “Wageni nao wapate joto.”

Alilitazama kovu langu la shavuni, akainamisha macho. “Haya, sebuleni.”

Fundi alipowasha kujaribu, nilisimama mbali, mlangoni. Joto liliwapita wote wawili, likanishika shingo, palepale Ngailo alipozoea kunishika.