Kinasa Sauti cha Bei Mbaya

Fundi Mbelwa alifunga kinasa sauti kipya, kile kidude kinachopeleka sauti ya nyuzi kwenye spika, kwenye gitaa la Mzee Sekiboko, ili mzee akijaribu kabla ya kukinunua kwa bei ya ng'ombe mzima. Mzee akapiga rumba. Sauti ikatoka safi, bila mkwaruzo hata kidogo.

"Na bado unasitasita," fundi akamtania.

Kutoka jikoni, mwiko ukigonga sufuria, mke wa mzee, asiyemwona mpigaji, akaita, "Fundi, umejitahidi. Sasa mrudishie mwenyewe gitaa lake, tusikie muziki."

Fundi akacheka. Mzee hakucheka. Miaka yote alidhani mkewe husikia makelele tu anapopiga.

"Nifungie kile cha zamani, mwanangu," akasema. "Na ahsante sana."

Alipopiga tena, gitaa likakwaruza kama kawaida yake. Mwiko jikoni ukatulia.