Skrini ya Mlangoni

Kemilembe alipiga magoti mbele ya skrini ya tatu, akaipima kwa macho kutoka chini, kisha akatikisa kichwa. Wateja wakaacha kuulizia televisheni, wakamtazama yeye.

"Mama, kanisa liko kule juu," Ildefons, mwenye duka, akamtania. "Hapa Bukoba skrini tunazitazama tukiwa tumekaa."

"Hii inaanzia juu mno. Nataka inayogusa sakafu."

"Mpira gani huo utakaoutazama chini ya meza?"

"Mpira sina haja nao."

Ildefons akajaribu njia nyingine. Chumba kina mwanga? Hakina. Kilikuwa stoo ya kahawa, huko Kamachumu, hakina hata dirisha. Basi akamshushia nyeupe, ile inayong'aa kuliko zote, akazima taa, akawasha projekta. Kemilembe akaikataa palepale. Hata penye giza kwenye picha, kitambaa kilikuwa kinang'aa.

"Hapo mtu ataona dirisha, hataona mtu."

Akaukataa na ule mwanga wa projekta unaopita juu ya vichwa. Anayetazama akigeuka tu, ataona unakotoka.

"Kwani mama, ni nani huyo unayemwonyesha sinema na hutaki ajue kuwa ni sinema?"

Kemilembe akakaa kwenye boksi la redio, akasema.

Walipomzika Joyness, binti yao wa pekee, yeye Kemilembe alijilaza kitandani akageukia ukuta. Hali chakula, hasemi, uji unaletwa moto unaondolewa baridi. Ndipo mumewe, mzee Rutaihwa, akili zikaanza kumpotea. Jioni moja alisimama pale kitandani akauliza, "Mama Joyness, mtoto hajarudi? Mbona hata jiko hujawasha?"

Akamwambia ukweli. Mzee akalia kama siku ile ya kwanza, mpaka watu wakamshika mabega. Kesho yake jioni akauliza tena. Sasa utamuulia mtu mtoto wake kila siku? Kemilembe akamjibu, "Yuko njiani," akainuka, akawasha jiko. Tangu hapo anainuka, anamenya ndizi, anapakua sahani tatu. Lakini yuko njiani, yuko njiani, mwisho wake nini? Aliogopa siku mzee atakapoacha kusadiki, kilio kile kianze upya.

Kwenye simu ya Annastella, mpwa wao, kulikuwa na kipande cha video. Joyness anaingia nyumbani umeme umekatika, tochi inammulika usoni, nyuma yake giza tupu. Anapiga magoti mlangoni kama binti yeyote wa Kihaya aliyelelewa, anamwamkia baba yake.

"Sasa mwanangu," Kemilembe akasema, "skrini ikining'inia juu, atapiga magoti hewani."

Ildefons hakutania tena. Aliingia stoo akatoka na kitambaa cha kijivu, chembamba, cha kumulikiwa picha kutoka nyuma. Akakikata saizi ya mlango.

Alikwenda Kamachumu mwenyewe kukiwamba, kutoka kizingiti cha juu mpaka sakafuni, kwenye mlango wa ndani wa ile stoo. Projekta na spika zikafichwa upande wa pili. Majirani waliambiwa ni sinema ya nyumbani. Akiondoka, Kemilembe akimsindikiza, alipita migombani, akaliona kaburi la Joyness. Halikuwa na jani hata moja juu yake.

"Unalitunza vizuri, mama."

"Si mimi. Miguu yangu inakataa kufika hapo. Atakuwa Annastella."

Jioni Kemilembe akamkalisha mumewe kwenye kiti chake, ndani ya giza, akazungukia nyuma ya mlango, akabonyeza.

Joyness akaingia. Magoti yake yakagusa sakafu ileile aliyozoea kuifagia.

"Taata, shikamoo. Nimekuletea senene." Akacheka kidogo, giza likamchukua.

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia.

Kemilembe akajiziba mdomo kwa khanga. Amesadiki! Akaegemea ukuta, akangoja machozi yapungue ndipo atoke. Lakini kitambaa kile kilikuwa chembamba, na upande wa pili mumewe alikuwa bado anaongea, taratibu, mtu mwenye akili zake zote.

"Majani nimeyang'oa tena leo asubuhi, yanaota haraka na mvua hizi. Unisamehe, Joyness, kwa kukuulizia kila jioni. Nikiacha, mama yako hatawasha jiko."