Mapovu ya Kitanda cha Tatu

Wesonga aliona mapovu, akajua kuna pancha.

Miaka kumi na tisa amekuwa akitumbukiza tyubu kwenye karai la maji pale kibandani kwake cha kuziba pancha mtaani Tassia, na hajawahi kuona mapovu pasipo na tundu. Sasa mbele yake kulikuwa na chupa ya maji, paipu imezamishwa ndani, maji yanabubujika bila kupumzika. Upande wa pili, paipu hiyo ilishikana na pua ya mtoto wa siku tatu.

"Sista, mashine yenu inavuja. Leta gundi niwazibie."

Nzilani, muuguzi aliyeingia zamu asubuhi hiyo, akacheka. "Ukiziba, mzee, utamuua. Mapovu ndiyo yanaonyesha hewa inasukuma mapafu yake yasisinyae. Yakikoma, niite."

"Yakikoma ndiyo pancha?"

"Ndiyo."

"Nyinyi wa hospitali mnafanya kila kitu kinyume."

Akaketi. Simu alikuwa ameizima mlangoni, kama ilivyoandikwa ukutani. Kitanda cha tatu kutoka dirishani, kama jana. Jana mtoto alivaa kofia ya manjano, leo nyekundu. Mambo ya mkewe Nerima hayo; hata akiwa na mshono tumboni hakosi la kubadilisha. Na mtoto alikuwa ameongezeka kidogo. Damu ya Wesonga hiyo.

"Pumua, jamaa," akamnong'oneza. "Ukitoka hapa nakutafutia baiskeli."

Mapovu yakakoma.

Kifua cha mtoto kikabonyea chini ya mbavu. Wesonga akaita, lakini Nzilani alikuwa mwisho wa chumba, mikono yote miwili juu ya mtoto mwingine. Basi akafanya anachokijua. Akainamisha shavu, akaifuata paipu pole pole. Pale kwenye kiungo hewa ikampuliza. Akaisukuma paipu ikaingia, akabana kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote.

Chupa ikabubujika.

Nzilani akafika mbio na paipu nyingine mkononi. Akatazama kidole, akatazama chupa. "Mzee, umemwokoa huyu. Wewe ndiye baba yake?"

"Kwani kuna mwingine? Wesonga, wa Nerima."

"Nerima wa wodi ya juu?" Muuguzi akasoma jina kwenye utepe wa mkono wa mtoto. "Amekupigia simu tangu asubuhi, anamwambia kila mtu umemtoroka. Mtoto wenu alitolewa mashine jana jioni. Yuko naye huko juu, ananyonya."

Wesonga akakitazama kidole chake. Hakukitoa.