Saa ya Mheshimiwa

Shamte alitoka studio akiwa bado na mto tumboni na masharubu ya bandia. Kipindi kilikuwa kimewavunja watu mbavu, hasa pale alipotazama saa huku mwananchi akimlilia, kama afanyavyo Mheshimiwa mwenyewe aliyekuwa akimwigiza.

Getini mama mmoja alimzuia njia. Mlinzi akacheka. "Mama, huyo ni mchekeshaji tu."

"Najua. Kwa yule wa kweli nilifika. Nilipomtaja mwanangu tu, akatazama saa, maneno yangu yakaishia njiani." Akamgeukia Shamte. "Wewe una sura yake. Nisikilize mpaka mwisho, baba."

Shamte alitaka kubandua masharubu.

"Yaache," alisema mama.

Akaanza kusimulia jinsi askari walivyomchukua mwanawe sokoni. Shamte alisimamia mguu huu, akahamia ule. Mlinzi hakuwa akicheka tena.

Mama alipofika kwenye kandambili moja aliyorudishiwa, Shamte alihisi mkono wake wa kushoto, wenye saa ya maigizo, ukipanda wenyewe kuelekea machoni. Akaukamata haraka kwa mkono wa kulia.

Mama alikuwa amekwisha nyamaza, akiitazama ile saa.